Bunduki ya Orville Yanyooshwa

Rangi nyekundu ya kucha ilikuwa palepale, haijapasuka hata kidogo.

Marlys aliinama tena juu ya meza ya jikoni, akaikwaruza kwa ukucha. Matone yale aliyapaka mwenyewe, kwa siri, juu ya skrubu mbili za tumboni mwa bunduki ya baba yake, kabla haijapelekwa kwa fundi. Bunduki hainyooshwi chuma chake bila skrubu hizo kufunguliwa na chuma kutolewa kwenye kitako chake cha mbao. Basi fundi Duane Kessel hakuifungua kabisa.

“Baba, una hakika Duane aliinyoosha?”

“Ameikereza mpaka komeo la kufungia risasi linakaa kama pete kidoleni.” Mzee Orville alipapasa mezani mpaka akakipata kikombe chake cha kahawa. “Karatasi si umeiona? Au unataka na hati ya mahakama?”

Karatasi ya shabaha ilikuwa imebandikwa kwenye friji tangu Jumanne. Matundu matano, kwa umbali wa hatua mia, na kisoda kimoja kingeyafunika yote.

Mwaka jana risasi za mzee zilikwenda arijojo. Moja ilitoboa paa la banda la jirani. Mzee akailaumu bunduki: ati chuma kinachoshika komeo kimekaa upande. Marlys naye akaapa kwamba Britta, binti yake wa miaka kumi na miwili, hatakanyaga mawindoni na babu yake mpaka bunduki ile ipige panapolengwa. Karatasi ndiyo iliyomfunga mdomo.

“Mama, bwana! Kulungu watazeeka tukiwa bado hapa.” Britta alisimama mlangoni, kizibao cha rangi ya chungwa kimemfika magotini. Kazi yake leo ilikuwa kupita katikati ya mierebi kando ya kijito, akipiga matawi kwa fimbo, kulungu watoke mbio upande wa pili, ambako babu angelala na bunduki.

Marlys aliitazama rangi. Akaitazama karatasi. Fundi ni mwongo, alijisemea, lakini matundu hayadanganyi. Akamfunga mtoto vifungo hadi shingoni, akambusu, akasimama barazani mpaka gari likapotea kuelekea bondeni.

Kisha akaibandua karatasi, akaenda kwa fundi. Mtu anayemdanganya mzee hawezi kuachwa hivihivi.

Alimkuta Duane kwenye benchi lake la kazi, anakula chapati za maji zenye shira katikati ya mitutu na mafuta ya mashine.

“Duane, hebu niambie. Kuinyoosha bunduki kama ya baba kuna faida gani?”

“Ya kuwindia? Hakuna. Wale wa mashindano, wanaogombania upana wa unywele, sawa. Ya Orville ukiinyoosha ni kumpaka mbuzi manukato.”

“Kwa hiyo ukamtoza kazi ambayo hukuifanya! Skrubu hujazigusa. Nimeona kwa macho yangu.”

Duane aliweka uma chini. “Nimtoze? Sikuchukua hata senti. Nilimwambia bunduki haina kasoro, akanibishia, si unamjua, kichwa kama jiwe la kijito. Nikampeleka uwanjani, nikailaza juu ya mifuko ya mchanga, nikapiga mwenyewe risasi tano ili anyamaze.”

Marlys alimwekea karatasi mbele yake.

“Ndiyo hiyo,” Duane akasema. “Alisema ataitundika ukutani, karibu na bunduki. Maana aliniapia kwamba mwaka huu hawindi.”

“Hawindi? Kwa nini?”

“Baada yangu nilimwachia yeye. Akalala pale, akalenga, akalenga, hapigi. Mwisho akaniuliza aanze na ipi kati ya zile karatasi mbili.” Duane alisukuma sahani kando. “Marlys, nilikuwa nimetundika moja.”