Aina ya Nne ya Sungura

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakijisifu hadharani, Mondo, yule paka wa porini mwenye miguu mirefu, aliwapita wote. Hakuwinda kabla ya kusimama, kukohoa kidogo na kufundisha.

"Sungura wako aina tatu," alimwambia Mbweha, ambaye tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni. "Wa mbugani akikuona anatimua mbio. Wa mawe anakimbilia majabali. Wa kichakani analala tuli mpaka umkanyage. Yule pale, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, ni wa kichakani. Huyo hakimbii."

"Basi tumrukie, kaka!"

"Subiri nimalize. Sasa, mkia wake..."

Sungura, aliyekuwa amelala tuli kweli, alisikia kila neno. Akachomoka, akaikata mbuga yote, akapotelea majabalini.

Mbweha alilitazama vumbi. "Kaka, na yule ni aina gani?"

Mondo hakutikisika. Alinyoosha shingo, macho yakimng'aa kwa fahari.

"Ndugu yangu, una bahati. Leo umeniona nikigundua aina ya nne!"

Wakarudi na njaa yao, Mondo mbele, akieleza kwa sauti kubwa jinsi ya kumnasa huyo wa nne. Na kila kichaka walichopita, masikio marefu yalisimama kusikiliza.