Gunia la Fuko

Wakulima wa bondeni walikuwa na desturi yao: ngano kavu iliwekwa sehemu ya juu ya gunia, iliyonyeshewa ikafichwa chini. Bibi Fuko peke yake alipanga kinyume, na majirani wakamcheka.

“Bibi, unajiharibia bei,” Ngiri alimwambia. “Mnunuzi hutazama juu tu.”

Lakini Nguchiro, mnunuzi wao, msimu uliopita alipeleka kinuni magunia yaliyooza, akaaibika. Safari hii aliamuru kila gunia lipasuliwe chini. La Ngiri likatoa ngano iliyoota ukungu, naye akalipwa bei ya pumba. La Fuko likamwaga ngano kavu, nzito. Nguchiro akatamka bei ya juu kabisa kwa gunia zima.

“Subiri, mwanangu,” Fuko akasema. “Ya juu ilinyeshewa. Hiyo ipunguzie bei.”

Nguchiro akaitenga, akalipa kila ngano kwa bei yake. “Mwakani lako silipasui,” akasema.

Njiani Ngiri akauliza kwa unyonge, “Bibi, ulijuaje kwamba atapasua chini?”

“Sikujua,” Fuko akajibu. “Mimi nakaa chini ya ardhi. Kwetu chini ndiko kunakotazamwa.”