Kiti cha Kuegemea

Sikukuu ya Nane Nane, Nyamizi alikwenda Bariadi mjini kununua viti vya kuweka nje. Mbwa wawili wa marehemu mumewe walimfuata hadi kwa fundi.

Jumamosi wageni wangekuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari ya binti yake. Alichagua mabenchi mawili na kiti kimoja kipana cha kuegemea.

"Hicho ni cha mwenye mji, mkuu wa kaya," fundi alisema. "Atakikalia nani, mama?"

"Shemeji yangu. Ndiye msemaji. Ameshasema hata binti asiulizwe."

"Basi kijaribu wewe kwa niaba yake," fundi akatania.

Nyamizi akaketi. Mbao zilikuwa na joto la jua. Mbwa mkubwa, ambaye tangu msiba alikuwa hamkaribii mtu, akaja taratibu. Akajizungusha mara mbili, akalala, akaweka kidevu juu ya mguu wa kushoto wa Nyamizi, kama alivyomfanyia marehemu kila jioni.

Nyamizi hakuusogeza mguu.

"Nipakie, mama?"

"Pakia. Uongeze na stuli mbili. Moja ya shemeji."

"Na nyingine?"

"Ya binti yangu. Atakaa hapa, karibu yangu."