Chumba Kitupu cha Kompyuta

Kompyuta ya mwisho iliteremshwa kwenye stoo ya viazi ikiwa imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Mwalimu mkuu Arusyak akafunga mlango kwa kufuli, akajikung'uta vumbi.

Amri ilikuwa ya Gurgen, afisa wa teknolojia wa mkoa. Mgeni kutoka Marseille akute chumba kitupu. Huyo mgeni, Mzee Hovsep, ndiye kiongozi wa Waarmenia wa kule, na ndiye anayewachangisha kwa ajili ya madarasa ya kompyuta huku nyumbani. Huja na mpiga picha wake, filamu ikaonyeshwa kanisani kwao, na watu wakafungua pochi. Serikali nayo huongeza dramu moja, fedha ya nchi, kwa kila dramu iliyochangwa.

"Wenzetu wana mafuta chini ya ardhi," Gurgen alimwambia, akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye sakafu ya shule. "Sisi tuna machozi ya ndugu zetu wa ughaibuni. Usinizibie kisima, mwalimu."

Arusyak alikubali, na alijichukia kwa kukubali. Bila mchango ule darasa lingefungwa kabla ya theluji kuanguka. Vijana waliokuwa wakiziandikia programu kampuni za mji mkuu, Yerevan, bila kutoka kijijini wangefunga mizigo kwenda Urusi kujenga nyumba za watu, kama walivyofanya baba zao.

Mzee Hovsep aliwasili, akapokewa kwa mkate na chumvi, kama ilivyo desturi. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, na sauti yake ya upole. Aliingia kwenye chumba kitupu, akashika ukuta, akalia. Kamera ilikuwa karibu kabisa na shavu lake. Wazazi waliojua kilichomo stoo walitazama viatu vyao. Gurgen alitoa leso, akafuta macho makavu.

Kisha nyama ikachomwa. Gurgen, aliyejipa mwenyewe kazi ya kuongoza hotuba za mezani, alinyanyua glasi kwa ajili ya mababu, kwa ajili ya ukweli, kwa ajili ya watu wenye mikono safi, huku mafuta ya kondoo yakimchuruzika kidevuni. Arusyak alisukuma sahani yake pembeni. Unamlaghai vipi mzee kama huyu, aliyesafiri kutoka mbali akaja kulia mbele ya watoto wa watu? Liwalo na liwe. Darasa lifungwe, kama ni kufungwa.

Zamu yake ya kusema mezani ilipofika, hakutoa hotuba. Alizunguka meza na glasi yake mkononi, akainama sikioni mwa mgeni.

"Mzee wangu, nisamehe. Kompyuta tunazo. Tumezificha kwangu, kwenye stoo ya viazi."

Mzee Hovsep aliweka uma chini, akampigapiga mkononi kwa upole uleule.

"Najua, binti yangu, na nimefurahi. Nyinyi mmesafisha vizuri. Kijiji cha jana waliacha nyaya ukutani, zikaingia kwenye picha, ikabidi nilie mara mbili."