Hofu ya Mjane Asiyekuwapo

Katika mji ule, aliyemwuliza mwenzake siri ya moyo alipaswa naye kulijibu swali lile lile.

Zebedayo alishindwa kuianza riwaya yake, kwa kuwa mjane aliyembuni hakuwa bado na hofu yoyote. Akamwendea jirani yake mjane, Bi Tabitha, mshona mikeka.

"Shikamoo, mama. Waogopa nini?"

"Marahaba. Naogopa kumaliza mkeka, mwanangu. Nikimaliza, nyumba hunyamaza."

Zebedayo akainuka kwa furaha.

"Wakimbilia wapi? Hujalipa!"

Akaketi tena, akavua miwani. "Naogopa kwamba watu wote wa riwaya yangu watasema kwa sauti ya marehemu baba."

Bi Tabitha akautandaza mkeka ambao haujakwisha, akasogea kumpisha.

"Haya. Alikuwa akisemaje?"