Chai ya Nahodha

Siku hizi wahusika wa tamthilia hawana waigizaji. Shabiki akiandika hadithi yao ya mapenzi ikapendwa, wahusika huicheza wenyewe jioni ileile. Leo ilikuwa zamu ya Tunu! Aliketi mbele ya runinga na mumewe, Shomari. Ndani ya chombo cha angani, nahodha aliipuliza chai ya moto kabla ya kumpa mpenzi wake, kama Shomari alivyokuwa akimfanyia Tunu walipooana.

"Hiyo hapo! Nimeiandika mimi!" Tunu alipiga vigelegele.

Nahodha akageuka, akatazama moja kwa moja sebuleni. "Tunu, na yako anakupulizia nani?"

Shomari akakiweka chini kikombe chake. "Na hilo umeliandika wewe?"

"Ndiyo," Tunu alidanganya, macho yasibanduke kwenye kioo cha runinga.