Kuisawazisha Karavani

"Bado imelalia kushoto," alisema mume wangu, Emrys, kikombe cha chai mkononi. "Rudi tena!"

Nikarudisha gari nyuma. Gurudumu la kushoto la karavani, kijumba chetu cha kukokotwa na gari, likazidi kupanda kibao cha kuliinulia. Majirani wa kambini walishatoa viti nje, mvua inyeshe isinyeshe, wanatutazama kama sinema.

"Bado!"

"Macho umeyaacha nyumbani leo, mzee?" nikamuuliza.

Nikashuka nimefura, nikaweka pimamaji sakafuni, pale mlangoni. Kiputo chake cha hewa kikakimbilia kushoto kabisa. Upande huo ulikuwa umeinuka kupita kiasi.

"Njoo uone mwenyewe!"

Akageuka. Chai ilikuwa ikimchuruzika kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, iliyolegea na kushuka, mpaka kwenye sweta, wala haifuti.

"Si nilikwambia," akasema, ulimi mzito. "Imelalia kushoto."